Bikoni ya 29: Nani Anauhesabu Uzio wa Mpakani?



Niliomba mhadhara huu ufanyike Kariakoo badala ya chuoni Mlimani, na sababu ni moja. Njia ninayotaka kuipendekeza leo sikuisoma kitabuni. Niliiona hapa.

Asubuhi moja nilisimama Mtaa wa Kongo kando ya lori lililokuwa likipakia marobota ya vitenge kwenda Lubumbashi. Wapagazi walikuwa wakipita mbio, robota begani, jasho linatiririka, na kila robota lilipopanda garini watu wawili waliandika. Mmoja ni karani wa mwenye mali, mwingine ni wa gari. Kila mmoja ana daftari lake. Anachora vijiti vinne, cha tano anakilaza juu yake, anaanza upya. Hawaangaliziani. Lori lilipojaa walikaa kwenye ukingo wa duka, wakafungua madaftari na kulinganisha. Yalipishana kwa robota moja. Turubai halikufungwa. Mzigo wa nyuma ulishushwa wote ukahesabiwa upya, na dereva, pamoja na haraka yake yote, hakusema neno, kwa kuwa alijua hesabu ya mtu mmoja haimlindi yeyote njiani.

Naomba tuutazame uzio wa mpaka wa Kenya na Somalia kwa macho ya makarani wale wawili.

Mandera ni mji wa Kenya ulioko pembe ya mbali ya kaskazini mashariki, mahali Kenya, Ethiopia na Somalia zinapokutana. Ukivuka kuelekea mashariki unaingia Bula Hawa, mji wa Somalia. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab wa Somalia, na abiria 28 wakauawa. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa machimboni nje ya mji huohuo. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi wa umri wa hawa waliokaa mbele yangu. Anayetaka kuzungumzia uzio ule aanze na makaburi haya. Serikali ambayo raia wake wameuawa namna hiyo ina wajibu wa kuwalinda, na mimi simlaumu mama wa Mandera aliyesema jengeni chochote, lakini jengeni.

Serikali ya Kenya ikatangaza kwamba itajenga kizuizi kutoka Mandera hadi Kiunga, kwenye pwani ya Kenya, mwendo wa karibu kilomita 700. Mwanzoni kiliitwa ukuta. Baadaye kikaitwa uzio, na ndivyo kilivyo: nguzo za zege, seng'enge za miiba, handaki kando yake, na barabara ya doria. Miaka ikapita. Machi 2019 Bunge la Taifa la Kenya likaelezwa kwamba kilomita 10 zimekamilika na shilingi bilioni 3.4 za Kenya zimetumika. Wabunge wakataka kazi isimamishwe.

Tuifanye hesabu hiyo kama inavyofanywa dukani. Bilioni 3.4 kwa kilomita 10 ni milioni 340 kwa kilomita, yaani shilingi 340,000 za Kenya kwa kila mita. Mita moja ni hatua ya mtu mzima. Kwa bei hiyo kilomita 700 zingehitaji bilioni 238. Mfanyabiashara yeyote wa Gerezani anayeuza seng'enge kwa roli na nguzo kwa idadi angetaka kuona mchanganuo: nguzo ngapi, roli ngapi, handaki la kina gani, nani amelipwa kwa lipi. Hilo ni swali la mwenye mali, na mwenye mali hapa ni mlipakodi wa Kenya.

Sisi wenyewe tuna kipimo cha karibu. Septemba 2017 Rais Magufuli aliagiza ukuta ujengwe kuizunguka migodi ya tanzanaiti ya Mirerani. Jeshi letu likaufanya, na tarehe 6 Aprili 2018 ukazinduliwa, kilomita 24.5. Sisemi kazi hizi mbili ni sawa. Mirerani haipakani na nchi nyingine, na fundi wa Mirerani hakujenga huku akihofia bomu la kutegwa. Lakini urefu ulitajwa mapema, ukapimika, na raia aliyetaka angeweza kuuzunguka akaujua mwanzo na mwisho. Uzio wa Mandera ulitajwa kwa mamia ya kilomita ukahesabiwa kwa kumi, na wa kwanza kuligundua pengo hilo walipaswa kuwa watu waishio kando yake, si wabunge wa Nairobi miaka minne baadaye.

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Watu hao wako pande mbili. Wakazi wa Bula Hawa waliandamana kuupinga uzio, wakilalamika kwamba umeingia katika ardhi yao. Mandera wakajibu kwamba uko kwao. Fedha huhesabiwa na Bunge. Mstari unahesabiwa na nani?

Ili kujibu inabidi nirudi nyuma, na nikirudi nyuma najikuta hapahapa Kariakoo.

Aprili 1915 Uingereza na washirika wake walitia saini mkataba wa siri mjini London ili Italia iingie Vita Kuu ya Kwanza upande wao. Italia iliahidiwa, pamoja na mengine, fidia katika makoloni ya Afrika. Ahadi ikatimizwa mwaka 1925: Jubaland, pamoja na Kismayu, ikakatwa kutoka Kenya na kupewa Italia. Wapimaji wakaingia porini kusimika alama za mpaka, bikoni kuu 29, ya kwanza Mandera na ya mwisho ufukweni karibu na Ras Kiamboni. Kwa wastani kutoka bikoni kuu moja hadi nyingine ni zaidi ya kilomita 20. Mpaka huo unaolindwa leo kwa bunduki ulianza kama malipo ya vita.

Na vita hiyo ndiyo iliyoupa mtaa huu jina. Waingereza walipouchukua mji huu wa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kilipiga kambi hapa, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, likageuka midomoni mwa watu likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao kwa sababu hiyohiyo. Wapagazi wale walibeba risasi, unga na majeruhi kwa mamia ya maili, wakafa zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Idadi iliyoandikwa inakaribia laki moja, na wanahistoria wengi wanaamini waliokufa ni zaidi. Makaburi yao mengi hayana majina. Aprili 2021, zaidi ya miaka mia moja baadaye, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari mnayoipita mkienda Posta ilisimamishwa mwaka 1927. Inamwonyesha mwenye bunduki. Mpagazi hayumo.

Karani alikuwa mmoja. Alikuwa wa jeshi, na alihesabu mizigo kwa makini kuliko alivyowahesabu wabebaji.

Mtaa huu uliwekewa kizuizi pia, ingawa hakikuwa na seng'enge. Tangu mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wakiugawa mji kwa aina ya majengo, na Waingereza wakaupanga katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na huku kwetu. Kanuni haikutaja rangi ya mtu, ilitaja nyumba ya namna gani ijengwe wapi. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu. Ndio Mnazi Mmoja. Leo tunapumzika pale chini ya miti, na Julai tunawakumbuka mashujaa wetu, lakini kwa waliouchora ulikuwa utepe wa kutenganisha watu na watu. Mwafrika wa kwanza aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, mstari ukiwa umeshazeeka. Hakuna mwenyeji wa Kariakoo aliyeulizwa upite wapi. Ndiyo maana naona uzito mkubwa katika jambo hili: tarehe 7 Julai 1954 chama cha uhuru, TANU, kilizaliwa katika nyumba iliyoko ukingoni kabisa mwa uwanja ule, mtaa tunaouita leo Lumumba.

Basi turudi mpakani tukiwa na makarani wawili. Uzio unaojengwa kwenye mpaka unaobishaniwa unahitaji hesabu mbili zisizotegemeana, moja kutoka kila upande, zikikutana hadharani kabla turubai halijafungwa. Bikoni zikaguliwe kwanza na wapimaji wa nchi zote mbili, mbele ya wazee wa miji yote miwili, ndipo nguzo ya kwanza ya zege isimikwe. Umoja wa Afrika una mpango wake wa mipaka tangu mwaka 2007 kwa kazi hii hasa.

Tusiambiwe kwamba haiwezekani. Somalia ilipoipeleka Kenya mahakamani The Hague mwaka 2014 kuhusu mpaka wa baharini, nchi hizo zilipishana karibu katika kila kitu, na Kenya ikaikataa hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021. Hata hivyo zilikubaliana pale mstari wa nchi kavu unapoishia: bikoni kuu namba 29. Na katika maandishi ya kikoloni ya mpaka ule, ya mwaka 1927 na 1933, mahali ilipo bikoni hiyo panaitwa Dar es Salaam. Ni jina la pwani ile, si la mji wetu, lakini nililiposoma mara ya kwanza niliinuka kitini. Wabajuni wa Kiunga na wa Kismayu, watu wa lugha yetu, wana ndugu pande zote mbili za jiwe hilo, na uzio ukifika huko siku moja utapita kati ya shangazi na mpwa.

Kuna karani mwingine ambaye miaka ya wapagazi hakuwepo. Satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupita juu ya Mandera kila baada ya siku tano au chini ya hapo, na picha zake ni bure kwa mtu yeyote. Kila nukta ya picha ni mita 10 kwa mita 10. Seng'enge haitaonekana, wala nguzo. Barabara ya doria itaonekana, na utepe wa vichaka vilivyofyekwa utaonekana, na ukilinganisha picha ya mwezi huu na ya mwezi uliopita utajua kazi imesonga kilomita ngapi au imesimama. Haitakuambia handaki lina kina gani, wala mchungaji ananyweshea wapi mbuzi wake tangu njia izibwe. Hayo yanajulikana kwa miguu, na kwa kumuuliza mchungaji mwenyewe.

Tanzania ina neno katika jambo hili. Mwalimu Nyerere ndiye aliyelisimamia azimio la Cairo la Julai 1964 la kuiheshimu mipaka tuliyorithi, na Somalia ikalikataa. Tarehe 28 Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilitia saini makubaliano mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia. Walikuja kwetu kwa kuwa walituamini.

Nawaomba wanafunzi wa upimaji wa Chuo Kikuu Ardhi na wa jiografia wa Mlimani waanze daftari la uzio ule: picha za kila mwezi, urefu uliopimwa, tarehe, liandikwe kwa Kiswahili na lipatikane bure Mandera na Bula Hawa. Nitalichangia nusu ya gharama za mwaka wa kwanza kutoka mfukoni mwangu. Anayetaka kuanza, tukutane mlangoni tukitoka.