Mtoto Akirudi Darasani



Mtoto aliyelazwa kwa malaria, au aliyezuiwa na mto uliofurika wakati wa masika, anarudi shuleni na kukuta wenzake wanajumlisha sehemu. Mzazi anaazima daftari la mtoto wa jirani: "Nakili lote usiku huu." Mtoto ananakili kurasa kumi na mbili kwa mwanga wa tochi ya simu. Asubuhi haelewi hata moja.

Nenda kwanza kwa mwalimu wa darasa. Muulize ni mada ipi inayobeba nyingine. Kwenye hisabati hilo ni muhimu mno: asiyejua kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) atakwama kwenye sehemu zenye asili tofauti. Mpe maswali matatu kwa siku, basi. Akikosea, akueleze alivyofikiri. Hata kama wewe hukusoma sana, kata chungwa mbele yake, nusu, kisha robo. Aweke robo mbili pamoja aone zinakuwa nini.

Na tafadhali, asiitwe mvivu. Mwaka 2020 shule za Tanzania zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Watoto wa nchi nzima walibaki nyuma, wala hatukuwalaumu.

Wiki hii, ndugu mzazi, mpunguzie mtoto wako safari za kisimani. Saa moja kabla ya giza iwe ya daftari lake.