Kubadilishiwa Kazi si Amri ya Upande Mmoja



Leo nazungumza nawe uliyeajiriwa kufanya kazi moja, ukajikuta unafanya nyingine. Uliajiriwa ukarani wa stoo, sasa unashinda getini ukiandika namba za magari. Uliajiriwa mapokezi hotelini, sasa uko dobi unakunja mashuka. Mshahara pengine haujaguswa, pengine umepungua. Na ulipouliza, ukajibiwa: "Ndiyo utaratibu wa hapa. Hutaki, acha kazi."

Jibu hilo linakwenda kinyume cha sheria ya nchi, na wanaolitoa hulitoa kwa sababu wengi wetu hatujui.

Kwa Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: kazi yenyewe ni ipi, inaanza lini, mkataba ni wa aina gani na wa muda gani, kituo cha kazi kiko wapi, saa za kazi ni ngapi, mshahara unakokotolewaje na stahili nyingine ni zipi. Kisha kifungu kidogo cha 4 kinaongeza kwamba likibadilika lolote kati ya hayo, mwajiri ayarekebishe maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, na amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Wenzetu wa Kenya wana sharti kama hilo katika kifungu cha 10 cha Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007.

Msikilizaji, kushauriana kunatangulia uamuzi. Kukuita ofisini Ijumaa jioni na kukusomea jambo lililokwisha kupitishwa, tena uanze nalo Jumatatu, huko ni kutangaziwa. Anayeshauriana nawe anakueleza sababu, anakusikiliza, na yuko tayari kubadili mawazo iwapo hoja yako ina uzito.

Mwajiri naye ana haki zake, na ni vyema tuziheshimu. Biashara haikai mahali pamoja. Mwaka 2020, watalii walipoadimika kwa sababu ya Korona, hoteli nyingi zililazimika kupanga upya watu wake ili milango isifungwe kabisa. Mashine mpya inaletwa, tawi linafungwa, mteja mkubwa anaondoka. Sheria haimkatazi mwajiri kujipanga upya, wala haimpi mfanyakazi ruhusa ya kugomea kila jambo. Karani wa benki akitolewa dirisha la kwanza kupelekwa la tatu, kwa kazi ileile na mshahara uleule, hapo hakuna cha kulalamikia. Mgogoro unaanza pale moyo wa ajira unapoguswa: aina ya kazi, cheo, kipato, saa au kituo.

Hapa waajiri wengi hukimbilia sentensi moja iliyoko mwisho wa orodha ya majukumu: "na kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako." Sentensi hiyo ipo katika barua nyingi za ajira nchini, na ina maana yake. Mhasibu anaweza kuombwa asaidie kuhesabu mali mwisho wa mwaka, au amshikie mwenzake aliye likizo. Lakini haimgeuzi mhasibu kuwa mlinzi wa usiku. Ingekuwa hivyo, kusingekuwa na haja ya kuandika kazi ya mtu kwenye mkataba.

Sasa itazame barua yenyewe ya kubadilishiwa kazi. Mara nyingi ni fupi: kuanzia tarehe fulani utaripoti idara fulani, "kutokana na mahitaji ya ofisi." Mshahara hautajwi. Haisemi kama ni kwa muda au moja kwa moja. Chini kabisa kuna mahali pa kuweka sahihi, na juu yake pameandikwa: "Nimesoma na nimekubali." Usitie sahihi kwa pupa. Una haki ya kuandika kwamba umeipokea, ukaweka tarehe, bila kusema umekubali. Kisha ijibu kwa barua yako, kwa adabu, ukiuliza: majukumu mapya ni yapi? Mshahara na posho vinabaki vilevile? Mabadiliko haya ni ya muda gani? Tutakaa lini tuyazungumze? Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ajira ndiyo mali ya mnyonge.

Ukinyamaza ukafanya kazi hiyo miezi minane, siku utakayolalamika utaulizwa: mbona ulikubali? Unaweza kuendelea kuripoti kazini huku pingamizi lako likiwa kwenye maandishi. Na mshahara usipunguzwe kimyakimya. Kifungu cha 28 cha sheria yetu hiyohiyo ya mwaka 2004 kinaweka mipaka ya makato: mwajiri hakati atakavyo bila idhini ya sheria, mahakama au makubaliano ya maandishi.

Nasikia mtu wa dukani au dada wa kazi za ndani akisema: mimi sina hata karatasi, nilipatana kwa mdomo. Ndugu yangu, sheria haijakutupa. Mwajiri ndiye anayepaswa kutunza maelezo yako ya ajira, na ayatunze miaka 5 hata baada ya ajira kwisha. Mkifika kwenye shauri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Wengine, wakishushwa cheo mbele ya watu waliokuwa wakiwasimamia, huandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo. Uchungu huo naufahamu, lakini nakusihi usiwe na haraka. Ni kweli, kifungu cha 36 kinatambua kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Ila kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinatazama kama ulitumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama ulikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Aliyeondoka bila kulalamika popote ana kazi ngumu ya kujieleza. Na mwenye chini ya miezi 6 kazini ajue kuwa sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo haki haimhusu.

Ikiwa kazi yako imekufa kabisa, hilo ni suala la kupunguzwa kazini. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa, afichue sababu na ashauriane nanyi namna ya kulikwepa au kulipunguza. Hapo ukipewa kazi mbadala, ipime kwa makini. Aliyetimiza mwaka kazini anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10. Lakini ukikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, unaweza kuikosa haki hiyo.

Mazungumzo yakigonga mwamba, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Utajaza Fomu Namba 1, nakala utampa mwajiri, na mtaanza kwa usuluhishi. Zingatia muda: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukichelewa utalazimika kwanza kueleza kwa nini umechelewa. Watumishi wa umma wana utaratibu wao kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005.

Haya yote yanamsaidia mtu mmoja mmoja, na yanamfikia akiwa ameshaumia. Kwa hiyo ombi langu la mwisho nalielekeza kwa vyama vya wafanyakazi: TUICO viwandani na madukani, CHODAWU mahotelini na majumbani, na vingine vyote. Mnapokaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, msiishie kwenye nyongeza ya mshahara. Wekeni kipengele kinachosema mfanyakazi akibadilishiwa kazi apewe taarifa siku ngapi kabla, nani akae naye mezani, mafunzo atalipiwa na nani, na mshahara wake utalindwaje. Waajiri wenye nia njema hawatapoteza kitu, kwa maana mtu aliyeshirikishwa huishika kazi mpya kwa moyo. Na wewe mwanachama unayekatwa ada kila mwezi, kwenye mkutano ujao wa tawi simama ukiulizie kipengele hicho.