Mbwa Wasio na Mwenyewe

Leo tuzungumze juu ya mbwa wanaozurura Kilwa Masoko, Kivinje na Lindi. Wengi huwapiga mawe kwa kuogopa kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ni ya haki, kwani dalili zikisha kutokea, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini jiwe halizuii ugonjwa. Ukiwaua waliochanjwa, huingia wengine wasiochanjwa. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Ndiyo maana mwaka 2010 ulianza mpango wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki, mkoa wa Lindi ukiwamo. Vyama vya kuwahurumia wanyama navyo huchanja, hutibu na kuhasi.

Nawe usaidieje? Siku ya chanjo mpeleke mbwa wako kwa bwana mifugo, hata akiwa wa kulinda shamba tu. Usitupe watoto wa mbwa jaani. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe sindano.

Habari ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, mwaijua tangu chuoni. Tuifuate.