Somo la Leo: Mganga wa Karema

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za mtu aliyesomea udaktari mbali sana, kisha akaja kukaa katika pande hizi zetu.

Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger. Alipokuwa mtoto aliibwa akauzwa utumwani. Mapadri Weupe walimkomboa, wakamsomesha, kisha wakampeleka Malta, kisiwa cha bahari ya Mediterania. Huko akajifunza udaktari katika chuo kikuu.

Mwaka 1889 alifika Karema, magharibi ya Mpanda, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Akaoa huko, akatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabuni: ni miaka mingapi? Naam, miaka 67.

Wako wasemao kwamba elimu kubwa ni ya mjini. Kijijini yatosha mtu wa kugawa vidonge. Sivyo. Mjini, daktari akishindwa humwuliza mwenziwe wa chumba cha pili. Atiman hakuwa na daktari mwenziwe karibu. Kama hakujua yeye, mgonjwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Hata leo ni vivyo hivyo. Mtu mzima aweza kuwa na shinikizo la damu au kisukari, naye ajiona hana neno, analima tu. Tabibu au muuguzi wa zahanati lazima ajue kuuliza, kupima na kuamua: nimtibu hapa, au nimpeleke hospitali Mpanda? Akikosea, njia ni ndefu, na wakati wa masika barabara huharibika. Ndiyo sababu tabibu husoma chuoni miaka mitatu, na muuguzi atakaye shahada husoma minne.

Basi, mnazo kazi mbili. Mwenye kijana apendaye masomo hayo amsaidie asome, tena amhimize arudi kuwatumikia watu wa kwao. Na wewe mwenyewe nenda ukapimwe kabla hujaugua. Mweleze tabibu yote, hata dawa za miti unazokunywa, asije akakupa dawa isiyopatana nazo.

Maswali
1. Atiman alifika Karema mwaka gani?
2. Kwa nini mganga wa kijijini ahitaji elimu kubwa?
3. Andika sentensi mbili: Je, umepata kupimwa shinikizo la damu? Lini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.