Inueni tapi kabla ya kulipa

Maneno haya tuliyasema ku mkutano wa chama hapa Kolwezi, na wengi wakaomba yaandikwe.

Motoka nyingi zilizotumika tunazonunua zinatoka Japani. Zinashuka Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa. Zikifika kwetu, watu wengi wamekwisha kuvuta sigara ndani. Kwa hiyo tapi yenye tundu la moto haimshangazi mtu. Njo maana tulidanganyika.

Mwenzetu mmoja, aliyerudi kutoka Angola kwa njia ya Dilolo, alipata mkopo wa chama anunue motoka ya taksi. Sisi tulimsindikiza. Karibu na kiti cha mbele tapi ilikuwa na kiraka. Muuzaji akasema, "Ni sigara tu." Tukaitika, tukalipa. Wiki 3 baadaye, barabara ya Likasi, moshi ukatoka chini ya miguu ya abiria. Wote walishuka wazima, aksanti Mungu. Lakini motoka ililala garaje wiki 2, na siku ya kurudisha deni haikungoja. Nyumba yao ilikula kwa likelemba ya bibi yake.

Fundi alipoinua tapi, tuliona: reli ya kiti ilikuwa imesaga waya ya umeme. Moto ulianzia chini. Kosa la kutoangalia lilikuwa letu, si la mwenzetu.

Basi, mushike hii. Sigara inaunguza juu: nyuzi zinayeyuka na kuwa ngumu, lakini chini tapi iko safi. Kama upande wa chini ndio mweusi zaidi, kuna waya au bomba la moshi linalounguza. Usibandike kitu mpaka fundi amalize kazi hiyo.

Kama ni sigara kweli, unaweza kutengeneza mwenyewe. Tundu dogo: kwangua nyuzi zilizoyeyuka kwa wembe, kata nyuzi chache chini ya kiti, tia kole kidogo, zipandike humo, kisha weka kitu kizito juu. Tundu kubwa: toa kipande mahali pasipoonekana, kiweke juu ya palipoungua, nyuzi zilale upande mmoja, kisha kata vyote viwili pamoja kwa wembe mmoja. Hapo vinalingana. Chini bandika kitambaa kigumu kwa kole ya washona viatu. Fungua milango yote, na mbabula ikae mbali: mvuke wa kole ile unashika moto upesi. Na kabla ya kuingiza wembe, toa waya wa batri, uangalie ni nini kimepita chini.

Tangu siku ile tumepatana mambo mawili. Chama hakitoi mkopo wa motoka kabla fundi hajainua tapi mbele yetu. Na mwanachama akiuza motoka yake, anamwonyesha mnunuzi kila kiraka na kumwambia sababu yake.

Mwenzetu amerudi barabarani, na tumemwongezea muda wa kulipa. Kiraka chake kipya kinaonekana kidogo. Abiria wakiuliza, anawaeleza.