Kupungua kwa Mizani na Kupungua kwa Maradhi

 

Kamati imenitaka nizungumze kwa dakika kumi juu ya afya. Mimi si daktari. Nilikuwa karani wa hesabu serikalini kwetu hadi 1995, kisha nikahamia huku Uingereza nikafanya kazi ya hesabu katika halmashauri ya mji mpaka nilipostaafu. Ninachokijua ni tarakimu, na leo nimekuja kukiri makosa mawili ya tarakimu, la kwanza la mwilini mwangu na la pili nililomfanyia mdogo wangu.

Mtakumbuka mkutano wetu wa Agosti 2022. Nilifika nikiwa na kilo 79, ilhali miezi mitano nyuma nilikuwa na kilo 88. Nilipokewa kama bwana harusi. Halati mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na sasa hivi ananitazama, aliniuliza siri yake, nami kwa fahari nikamjibu kwamba nimeacha wali wa usiku. Sikuwa nimeacha kitu. Nilikuwa nakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, naamka mara nne usiku kwenda chooni, na maandishi ya gazeti yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilidhani miwani imechakaa. Mpima macho ndiye aliyenishauri nikapimwe damu. Kile kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita kilisoma 91, na kwa kipimo hicho anayefika 48 huhesabiwa kuwa ana kisukari.

Kwa hiyo kilo tisa mlizonipongeza zilikuwa ugonjwa. Mwili ukishindwa kuitumia sukari iliyomo katika damu, hugeuka ukala mafuta na misuli yake wenyewe, na sukari inayotoka kwa mkojo huondoka na maji mengi. Mizani haiwezi kuyatenganisha hayo. Hata kipimo kile maarufu cha BMI, ambacho ni kilo za mtu kugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kilinipa hongera: nilishuka kutoka 30.4 hadi 27.3, nikatoka daraja la unene wa kupindukia nikaingia daraja la uzito uliozidi. Nilipandishwa cheo wakati kongosho langu linashindwa na kazi.

Nilipoanza dawa na kutembea kila jioni, mizani ikapanda hadi 81. Nilihuzunika, nikadhani narudi nilikotoka. Lakini kiuno, kilichokuwa sentimita 101 siku nilipogundulika, leo ni 92, na ile 91 ya damu imekuwa 47, kwa msaada wa dawa ambazo bado nazitumia. Yaani mizani ilinisifu nilipokuwa nadhoofika, ikanilaumu nilipoanza kupona.

Baada ya somo kama hilo mngetarajia niwe nimeelimika. Sivyo. Kamati ilipoanzisha shindano la kupunguza uzito Januari 2024, mimi ndiye niliyelichora lile jedwali lililokuwa likitumwa kila Ijumaa katika kundi letu la simu, majina kwa mpangilio wa kilo zilizopungua, wa kwanza juu na wa mwisho chini. Mtu aliyelelewa na madaftari ya hesabu huheshimu tarakimu yoyote iliyopangwa vizuri ndani ya mistari.

Mdogo wangu wa kike aliye Maskati alikuwa wa mwisho wiki sita mfululizo. Ameniruhusu kulisimulia hili kwa sharti kwamba nisitaje kilo zake, nami sizitaji. Katika miezi ile alikuwa akitembea ufukweni kila siku baada ya jua kutua, ameacha sukari katika chai, na wikendi moja alinieleza kwamba fundi amemtia ndani magauni mawili kwa sababu yalikuwa yanamlegea. Presha yake, iliyokuwa ikicheza 150 kwa 95, ilishuka chini ya 140 kwa 90. Hayo yote hayakuwa na safu katika jedwali langu. Ijumaa ya saba alijitoa, na kutembea akaacha. Mwezi uliopita presha imerudi ilikokuwa. Hakunilaumu, na kutolaumiwa kwenyewe kumenikera kuliko lawama.

Basi nikakaa nikasoma, kama ambavyo ningepaswa kufanya mwanzo. Hesabu hiyo ya BMI ilitungwa na Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtaalamu wa nyota na takwimu, katika miaka ya 1830. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika taifa zima. Hakuwa na mgonjwa mbele yake. Jina la leo lilitolewa 1972 na Mmarekani, Ancel Keys, naye alikuwa akitafuta njia rahisi ya kulinganisha makundi makubwa ya watu, na waliopimwa walikuwa wanaume. Kwa kazi hiyo kipimo kinafaa. Kwa mtu mmoja hakiwezi kueleza kama uzito ni wa misuli au mafuta, wala mafuta yamekaa wapi. Na pahala ndipo penye shughuli, kwa sababu mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yenye urafiki mkubwa na kisukari na maradhi ya moyo, kuliko yale ya mapajani.

Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilishauri mwaka 2022 kwamba watu wazima wajitahidi kiuno chao kisifike nusu ya urefu wao. Mimi nina sentimita 170, hivyo natakiwa niwe chini ya 85. Bado nina safari. Taasisi hiyo hiyo inasema kwamba kwa watu wenye asili ya Asia, Mashariki ya Kati au Afrika, hatari huanza mapema, na uzito uliozidi uhesabiwe kuanzia BMI ya 23 badala ya 25. Sisi ambao babu alitoka Arabuni na bibi ni wa Pwani, tumo katika orodha hiyo mara mbili.

Kiuno kinachopimwa si pale suruali inapokaa. Wanaume wengi wa ukoo huu hufunga mkanda chini ya tumbo, wakajivunia saizi waliyokuwa nayo walipooa. Tafuta ubavu wa mwisho, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na kati yake ndipo futi kamba ipite, juu ya ngozi, baada ya kutoa pumzi bila kujibana. Pima mara moja kwa mwezi, inatosha. Mizani si haramu, lakini uzito huweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa maji na chumvi peke yake. Anayejipima asubuhi ya baada ya biriani ya harusi anajitafutia huzuni ya bure.

Kuna jambo jingine kwa rika langu, na hasa kwa wale walioanza sindano za kila wiki za kupunguza uzito, ambao nawajua ingawa wananificha. Anayepungua kwa haraka hupoteza na misuli pia. Kaa kwenye kiti kisicho laini, kunja mikono kifuani, uhesabu mara ngapi unaweza kusimama wima na kukaa tena ndani ya sekunde 30. Kwa mwanamume wa miaka 65 hadi 69, chini ya 12 ni pungufu. Kwa mwanamke wa umri huo, chini ya 11. Nilipoanza nilipata tisa, nikaomba maji. Sasa napata 14.

Ombi langu kwa Kamati ni kwamba lile jedwali lifutwe, na katika mikutano yetu tusimpokee mtu kwa "umenenepa" wala "umepungua" kabla hatujamwuliza hali yake. Mimi ningeulizwa mwaka ule kama nalala usiku, pengine ningegundulika mapema zaidi.

Nyuma ya ukumbi kuna meza mbili. Kwa wanaume nitapima mimi. Kwa wanawake, binti yangu, ambaye ni muuguzi, yuko nyuma ya pazia na ana mashine ya presha kwa wote. Kila mtu atapewa kadi yenye nafasi ya kiuno, presha, mara za kitini, na tarehe ya kwenda kupimwa sukari. Kadi ni yako, sitazikusanya. Mdogo wangu wa Maskati amepata yake jana usiku, na leo alfajiri nimemsindikiza kutembea. Ile mizani ya shindano nimekuja nayo garini. Anayeihitaji kwa kupimia mizigo ya uwanja wa ndege aniambie kabla ya chakula.