Kiti cha Umeya na Wanaokigombea
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama



Kamati imetuomba tuseme nanyi leo juu ya uchaguzi wa wakuu wa mji, na juu ya wanasiasa wanaougombea. Huenda mmoja wenu akauliza: chama cha kusaidiana, ambacho kazi yake ni kuzika wafu, kuwaangalia wagonjwa na kuwalipia yatima karo, kina shughuli gani na kiti cha Meya au cha Gavana? Jawabu letu ni fupi. Soko ambamo mama zetu huuza mboga, njia tuzipitazo kwenda kazini, taka zilizorundikana mlangoni, zahanati ya mtaa, hata makaburi tunamozikana, yote hayo yamo mikononi mwa wenye kuuendesha mji. Mji ukiendeshwa vibaya, sanduku la chama chetu ndilo linalolipa. Mtoto akiugua kwa maji machafu, ni sisi tunaochanga.

Kwanza yatupasa kujua kiti chenyewe kilitoka wapi. Nairobi ilianza kuwa kituo cha reli mwaka 1899, ikapata hati ya kuitwa jiji mwaka 1950. Katika enzi ya ukoloni Meya alichaguliwa na madiwani, na wengi wa madiwani hao walikuwa Wazungu. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi mjini, waliingizwa barazani wachache, tena kwa kuteuliwa. Kazi ya wachache hao haikuwa ya raha. Serikali iliwataka wawe wapole, na watu wao wenyewe waliwashuku kuwa wameuzwa. Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952. Ambrose Ofafa aliuawa mwaka 1953. Leo majina yao tunayatamka kila siku bila kufikiri, kwa kuwa yamekuwa majina ya mitaa tunamoishi. Ofafa twamtaja hapa kwa sababu nyingine pia: alikuwa mweka hazina wa Luo Union, chama cha kusaidiana kama hiki chetu, na wanachama wake walichanga fedha wakamjengea ukumbi wa ukumbusho mjini Kisumu. Basi mtu asituambie kwamba mambo ya baraza la mji na mambo ya vyama vya kusaidiana hayajapata kukutana.

Mwaka 1962 Charles Rubia akawa Mwafrika wa kwanza kuuvaa mkufu wa umeya wa Nairobi. Mombasa ilipata kuwa na Msanifu Kombo, na Kisumu ikampata Bibi Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuwa Meya katika Kenya, ambaye mwaka 1969 alichaguliwa kuingia Bungeni. Mwaka 1970 Bibi Margaret Kenyatta akashika umeya wa Nairobi, akakaa nao mpaka mwaka 1976. Jirani zetu wa Dar es Salaam nao, Meya wao wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi mashuhuri. Lugha yetu humwita mjumbe wa baraza diwani, na kitabu cha mashairi nacho huitwa diwani. Mzee huyo alistahili majina yote mawili. Katika siku hizo watu waliona fahari kumtazama Meya akipita na joho lake, kwa maana walimwona mtu wao ameketi mahali ambapo jana hawakuruhusiwa kusimama.

Lakini fahari haizoi taka. Yafaa tueleze jinsi Meya alivyochaguliwa, kwa sababu wengi, hasa vijana, hudhani kwamba alichaguliwa na wananchi. Sivyo. Mwananchi alimchagua diwani wa wadi yake tu. Kisha madiwani walikutana wenyewe kwa wenyewe katika ukumbi wao wakamchagua mmoja wao awe Meya, kwa muda usio mrefu. Pamoja na hao waliochaguliwa walikuwapo madiwani wa kuteuliwa, ambao hesabu yao iliweza kufika thuluthi ya wale wa kura. Basi jiji lenye watu zaidi ya milioni lilipewa mkuu wake na watu wasiofika mia moja.

Hapo ndipo palipozaliwa ugonjwa. Penye wapiga kura laki kadhaa, fedha ya mtu mmoja huisha kabla ya kuwafikia wote. Penye wapiga kura makumi machache, fedha hiyo huwatosha na kusaza. Ndiyo maana, uchaguzi wa Meya ulipokaribia, tulisikia mara nyingi kwamba madiwani wamepakiwa katika mabasi wakapelekwa hoteli za mbali, wakalishwa na kunyweshwa, wasionekane na mpinzani mpaka asubuhi ya kura. Watu wazima waliochaguliwa na wenzao walifichwa kama kuku wa arusi. Na Meya aliyekipata kiti kwa njia hiyo aliingia ofisini akiwa na deni. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini deni lake halikuwa kwa mji. Lilikuwa kwa wale waliolala hotelini. Alilipa kwa vibanda vya soko, kwa kandarasi, na kwa viwanja. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi halmashauri zilivyoigawa ardhi ya umma ambayo zilikabidhiwa ziitunze. Viwanja vya watoto kuchezea vikageuka majumba.

Hata hivyo, haki yataka tuseme pande zote mbili. Si kila kosa lilikuwa la madiwani. Serikali Kuu iliifuta ile kodi ya kichwa iliyozipa halmashauri fedha nyingi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mahali pake hapakuwekwa kitu cha kutosha. Waziri aliweza kuingilia karibu kila jambo. Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na mji ukaendeshwa na Tume ya watu wa kuteuliwa mpaka uchaguzi wa mwaka 1992. Kwa karibu miaka kumi wakazi wa mji mkuu hawakuwa na diwani hata mmoja wa kumwendea na malalamiko. Nao waliosimama imara katika siasa ya nchi hawakuwachwa. Rubia huyohuyo, aliyekuwa Mbunge tangu mwaka 1969, alishindwa mwaka 1988 katika kura ya mlolongo, watu walipopangwa foleni nyuma ya wagombea badala ya kupiga kura ya siri. Na mwaka 1990 yeye na Kenneth Matiba wakatiwa kizuizini bila kushtakiwa kwa kudai vyama vingi. Tukumbuke bei ya kura ya siri kabla hatujaiuza kwa bei ya unga.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mambo hayo. Zamani babu zetu hawakuwa na kura. Lakini katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 sisi wajukuu tulimchagua mkuu wa mji kwa mikono yetu. Kiti cha Meya kikaondoka, akaja Gavana, katika kila moja ya kaunti 47. Nairobi ikawa na wadi 85 na Bunge lake la kaunti. Gavana hawezi kuchaguliwa zaidi ya vipindi viwili. Kaunti zote kwa jumla zina haki ya kupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Watu wa mjini bado huwaita askari wa jiji kwa jina la kanjo, lakini kanjo yenyewe haipo tena.

Je, ugonjwa umepona? Tazameni wenyewe. Nairobi ilimchagua Evans Kidero mwaka 2013, na Mike Sonko mwaka 2017. Mwezi Februari 1920 mji huu haukuwa na Mwafrika barazani. Mwezi Februari 2020, karne nzima baadaye, kazi kubwa za kaunti zilitiwa saini kwenda kwa Serikali Kuu, ingawa Gavana alikuwa amechaguliwa na Waafrika wenyewe. Mwezi Desemba mwaka huohuo Seneti ikamwondoa Sonko. Bibi Ann Kananu akashika kiti mwaka 2021 bila wananchi kupiga kura, mpaka Johnson Sakaja alipochaguliwa mwaka 2022. Hatuyasemi haya ili kumsifu au kumlaumu mtu. Chama chetu si cha siasa. Twayasema ili ionekane kwamba sheria njema haitoshi. Zamani fedha ya mgombea ilimpita mwananchi ikaenda kwa diwani. Sasa yaja mpaka mlangoni petu.

Wanaokuja nayo tunawafahamu. Yuko mwenye mkono mpana, ambaye hajulikani mtaani mpaka mwaka wa uchaguzi, kisha huonekana katika kila matanga na kila harambee. Yuko anayekuja na kabila lake tu, akituambia kwamba mtu wetu akishiba nasi tumeshiba. Nasi tumeona mara nyingi jinsi shibe hiyo isivyovuka meza yake. Yuko anayeahidi yasiyo kazi ya kiti anachokitaka: ataongeza polisi, atajenga shule za sekondari, hali polisi na sekondari ni kazi za Serikali Kuu, na kaunti imepewa elimu ya chekechea. Ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anatudanganya. Na yuko wa nne, ambaye hana kelele, aliyewahi kusimamia kitu kikasimama. Huyu mara nyingi hushindwa, kwa kuwa hatukumwuliza neno.

Basi tumwulize kila mmoja maneno manne. La kwanza: kabla ya leo ulisimamia nini, na hesabu zake ziko wapi? La pili: fedha za kaunti hutoka wapi, na wewe utazianzia wapi? Asiyeweza kueleza habari za kodi ya ardhi, ada za soko na za kuegesha magari, hakuja kufanya kazi. La tatu: nani anayelipa gharama za kampeni yako, naye anataka alipwe nini? La nne: mara ya mwisho ulikuja mtaani kwetu lini bila kuomba kura?

Sasa twafikia jambo ambalo Kamati imelileta mbele yenu. Mwaka huu mjumbe wa mwanasiasa mmoja, ambaye hatutamtaja, alimwendea mweka hazina wetu. Alisema bwana wake yuko tayari kulijaza sanduku letu la mazishi na kutununulia hema na viti. Hakuomba barua wala ahadi. Aliomba tu siku moja bwana huyo aalikwe mkutanoni "kuwasalimu wazee".

Hatusemi kwamba jambo hili ni jepesi. Mnajua hali ya sanduku. Mweka hazina amekwisha kuwasomea. Mazishi yamekuwa mengi na michango imechelewa. Tena lipo neno ambalo wengine wenu mmelisema kwa uchungu: fedha hizo ni zetu, zilitoka mifukoni mwetu; kwa nini tusizichukue, kisha tupige kura tupendavyo? Neno hilo lina nguvu, na yapaswa lijibiwe kwa heshima. Jawabu letu ni hili. Anayetoa fedha ya namna hiyo hatoi sadaka, ananunua, na mnunuzi hujua thamani ya alichonunua. Kinachorudi kwetu ni hema. Kinachobaki kwake ni soko. Tena siku tutakayompelekea malalamiko ya mtaro uliofurika, atatuambia, "Ninyi nilikwisha kuwalipa." Na sheria ya makosa ya uchaguzi haimshiki mtoaji peke yake, mpokeaji naye humshika.

Kwa hiyo Kamati yapendekeza mambo matatu, nanyi mtayapigia kura leo. Kwanza, chama kisipokee fedha wala kitu cho chote kutoka kwa mgombea au mjumbe wake. Pili, wagombea wote wanaotaka kuzungumza nasi waalikwe siku moja, kila mmoja apewe dakika sawa, wasimame mbele yetu na kuulizwa yale maneno manne. Tatu, mchango wa mwezi uongezwe, ili sanduku letu lijazwe na sisi wenyewe. Hili la tatu ndilo litakalouma. Lakini asiyetaka kununuliwa hana budi kujilipia.

Tena kazi yetu isiishe siku ya kura. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Siku zilizobaki ni nyingi zaidi. Makisio ya fedha za kaunti yanapojadiliwa, sheria yataka wananchi washirikishwe. Waendao huko ni wachache, na wengi wao ni wale walioitwa. Twataka kila tawi litume watu wawili, waandike waliyoyasikia, wayasome katika mkutano wa mwezi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkubwa wa mji asisifiwe kabla hatujaionja kazi yake.

Ndugu wanachama, ninyi mmekwisha kujua kuchagua. Kila mwaka katika chumba hiki humchagua mweka hazina, wala hamwulizi ni wa kabila gani au ana gari la namna gani. Mwauliza kama hesabu zake ni safi, na kama usiku akibishiwa hodi kwa habari ya msiba ataamka. Mtu tunayemkabidhi mji mzima apimwe kwa kipimo hichohicho, wala kisipunguzwe.

Sasa Bwana Katibu atayasoma mapendekezo, moja baada ya moja, nanyi mpige kura.